Kwa Nini PostgreSQL Haifuti Papo Hapo Ulichokifuta

"Nimefuta mistari milioni kadhaa ya miaka ya nyuma, mbona nafasi ya diski haijarudi?" Swali hili halikosekani kwa watu wanaoanza kuendesha hifadhidata ya PostgreSQL. Jirani yake ni hili: "Mbona kuhesabu tu mistari ya jedwali kunachukua dakika nzima?" Na la tatu hutoka kwa mhasibu aliyeingiwa na wasiwasi: "Risiti namba 1046 ipo, 1048 ipo. Nani ameondoa 1047?"

Wanaouliza huyachukulia kama matatizo matatu tofauti, na kila moja hulitafutia dawa yake. Mzizi wake lakini ni mmoja. Mfumo huu ulijengwa ili watu wengi wafanye kazi kwa wakati mmoja bila kusubiriana, na kila linaloshangaza hapo juu ni gharama ya ahadi hiyo.

Kwanza la fedha, maana mameneja huanzia hapo: ni bure kweli, au bili itakuja baadaye? Ni bure kweli. Leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha, kuisambaza na hata kuiuza ndani ya bidhaa yake bila kulipa chochote, mradi tamko la hakimiliki libaki. Hakuna kampuni inayoimiliki. Mradi ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. Wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, wakaupa lugha ya SQL, na mwaka 1996 ukapata jina la PostgreSQL. Tangu hapo unaendelezwa na watu wa nchi nyingi. Nasi tunautegemea kuliko tunavyodhani: DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011 na ambao Tanzania na Uganda pia zinautumia, huweka taarifa zake ndani ya PostgreSQL. Gharama iliyopo ni ya kumpata mtu anayeielewa, na hiyo haikwepeki.

Sasa turudi kwenye mistari iliyofutwa.

Karani mzuri wa leja hafuti tarakimu kwa kifutio. Hukata ile ya zamani kwa mstari mmoja, huandika mpya chini yake, na anayetaka kujua salio lilikuwa kiasi gani jana bado anaweza kulisoma. PostgreSQL hufanya hivyohivyo tangu toleo la 6.5 la mwaka 1999. Ukibadilisha mstari, mfumo haugusi maneno ya zamani. Huandika nakala mpya ya mstari mzima na kuuwekea ule wa awali alama kwamba muamala fulani, yaani kundi la mabadiliko yanayokubaliwa au kughairiwa kwa pamoja, umeukomesha. Ukifuta, huweka alama tu. Mstari wenyewe unabaki palepale kwenye diski.

Sababu yake ni ya msingi. Chukua SACCOS yenye wanachama wengi. Meneja ameanza kutoa ripoti ya salio la akaunti zote saa 4:00 asubuhi, na ripoti inachukua dakika tano. Ndani ya dakika hizo watu wa dirishani wanaendelea kupokea na kutoa fedha. Kama kila badiliko lingefuta lililotangulia, ripoti ingechanganya salio la saa 4:00 na la saa 4:03, na jumla isingelingana na kitu chochote kilichowahi kuwepo. Njia nyingine ni kufunga majedwali mpaka ripoti iishe, na wateja wasimame kwenye foleni. Kwa kuwa mistari ya zamani ingalipo, ripoti inasoma hali ilivyokuwa ilipoanza, na dirishani kazi inaendelea. Anayesoma hamzuii anayeandika, wala anayeandika hamzuii anayesoma. Wanaosubiriana ni wawili wanaotaka kubadilisha mstari uleule, na hapo kusubiri ni haki.

Mistari iliyokwisha kazi lazima iondolewe siku moja, na hiyo ni kazi ya amri ya VACUUM, ambayo siku hizi mfumo huiendesha wenyewe chinichini. Hapa ndipo wengi hupotea. VACUUM ya kawaida haipunguzi ukubwa wa faili, isipokuwa kurasa za mwishoni mwa jedwali ziwe tupu kabisa. Inachofanya ni kuachilia nafasi ndani ya faili ili mistari mipya iingie humo. Kwa jedwali linaloendelea kujazwa, hilo latosha kabisa. VACUUM FULL ndiyo inayorudisha nafasi kwenye diski, lakini huandika jedwali lote upya, huhitaji nafasi ya nakala hiyo mpya wakati inaandika, na hulifunga jedwali hata kwa wasomaji hadi imalize. Kuiendesha saa za kazi, tena kwenye diski iliyokwisha kujaa, ni kujitafutia msiba. Kama unataka kuondoa yote yaliyomo, TRUNCATE hurudisha nafasi mara moja.

Usafishaji huo wa chinichini nao una kizingiti. Kwa mpangilio wa kawaida husubiri mistari iliyokufa ifike 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Kwa jedwali la mistari 1,000 ni sawa. Kwa jedwali la mistari milioni 100, takataka milioni 20 zinarundikana kabla fagio halijaguswa. Majedwali makubwa yapewe kiwango chao, asilimia 1 au 2, na mfumo unaruhusu kila jedwali liwe na mpangilio wake.

Lipo tatizo baya zaidi ambalo kiwango hakilitibu. Programu ikifungua muamala, ikabadilisha kitu, kisha ikaenda kushughulika na mengine bila kuufunga, mfumo hauna ruhusa ya kuondoa mistari iliyokufa baada ya hapo, kwa kuwa muamala ule bado unaweza kuihitaji. VACUUM itapita na kupita na isifagie kitu. Jedwali la mistari elfu chache, linalobadilishwa kila sekunde, laweza kuvimba likawa la gigabaiti kwa sababu ya muamala mmoja uliosahaulika tangu jana. Ukiona hivyo, usianze kununua diski. Tazama pg_stat_activity, orodha ya miunganisho iliyopo, utafute walioandikwa "idle in transaction", uone wamekaa humo tangu lini. Mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout huwakata wenyewe baada ya muda utakaouchagua, lakini usipouweka haukati mtu, nami naona kila seva ya kazi inapaswa kuuweka.

Ukishaelewa hayo, swali la kuhesabu linajijibu. Idadi ya mistari si moja kwa watu wote: muamala wako unaiona mistari ambayo wa mwenzako hauioni bado. Kwa hiyo mfumo hauwezi kutunza namba moja na kukupa. Mfumo hulazimika kupita na kuuliza kila mstari kama unaonekana kwako. Faharasa inaweza kupunguza kazi hiyo ikiwa jedwali limefagiwa karibuni. Kama makadirio yanatosha, na kwa ukurasa unaosema "takriban wateja milioni tatu" yanatosha, safu ya reltuples katika pg_class hukupa jibu papo hapo.

Na risiti 1047? Hakuna aliyeiba. Namba zinazotolewa na sequence, yaani kihesabu cha mfumo, hutolewa nje ya muamala. Karani akianza kuandika risiti hupewa 1047, mwenzake hupewa 1048 bila kungoja wa kwanza amalize. Wa kwanza akighairi, 1047 hairudi, kwa kuwa kuirudisha kungewalazimu wote kumsubiri. Pale ambapo taratibu za kodi zinadai namba zisizoruka, usitumie sequence kwa namba ya risiti. Weka namba ya mwisho katika mstari wa jedwali dogo, uufunge ndani ya muamala uleule unaoandika risiti. Hapo makarani watapanga foleni, na umelikubali hilo kwa makusudi.

Seva ikikataa miunganisho mipya kwa ujumbe kwamba wateja wamezidi, jibu halihitaji maneno mengi: kila muunganisho ni mchakato kamili kwenye seva, na idadi ya kawaida ni 100. Usikimbilie kuifanya 2,000. Weka PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, katikati ili miunganisho michache ihudumie watu wengi.

Nalipenda zaidi swali la nakala rudufu: "Lazima nisimamishe kazi ili nichukue nakala?" La. Amri ya pg_dump hufaidika na mistari ileile ya zamani iliyokuudhi ilipojaza diski. Husoma hifadhidata nzima kama ilivyokuwa dakika ilipoanza, hata ikichukua saa nne kuimaliza, na wateja hawatajua kitu. Irejeshe nakala hiyo kwenye mashine nyingine, ulinganishe jumla za fedha na zile za mfumo halisi wa muda huohuo, halafu ndipo uiite nakala. Ichukue usiku, shughuli zikiwa chache, kwa sababu pg_dump nayo ni muamala ulio wazi, na kwa saa zote nne hakuna mstari uliokufa baada ya kuanza kwake utakaofagiwa.