Watoto Wapewe Ungo

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Miaka 12 kabla ya hapo, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu ya aina hiyohiyo na 125 kati yao wakafariki. Sumu hii, aflatoksini, hutengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa bila kukauka vizuri. Moto wa jikoni hauimalizi. Ugali unaweza kusongwa ukaiva barabara, na sumu ikabaki humo humo.

Inayoipunguza sana ni kazi ambayo tangu zamani wamepewa watoto na mabibi: kuchambua nafaka kwenye ungo. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Hujilimbikiza kwenye punje chache, nyingi zikiwa zile zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa au kubadilika rangi. Ukiziondoa hizo kabla ya kwenda mashineni, umeondoa sehemu kubwa ya hatari, ingawa si yote. Kwa wanaokula dona jambo hili ni la lazima, maana ganda na kiini cha punje, vyenye vitamini na nyuzinyuzi tunazozitaka, ndimo sumu hukaa zaidi. Punje mbovu zitupwe. Ng'ombe wa maziwa asipewe, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Naanza na ungo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba chakula bora ni suala la fedha na vyakula vya kigeni. Ukichunguza mapishi yetu ya kila siku utaona kuwa sehemu kubwa ya ubora wake huamuliwa na kazi ndogondogo za mikono, na nyingi hufanyika kabla sufuria haijabandikwa. Mama aliyerudi jioni akaachiwa jiko peke yake hana muda wa kazi hizo. Ndizo za kwanza kurukwa. Kwa hiyo kupika pamoja, baba, mama na watoto, ni suala la afya kabla ya kuwa suala la upendo.

Chukua maharage. Yakiwa mabichi, hasa yale mekundu, yana protini iitwayo lektini, ambayo humfanya mtu atapike na kuharisha saa chache baada ya kula. Moto mdogo usiofikia kuchemsha hauiharibu, na unaweza hata kuiongezea ukali. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguziwa moto. Kuloweka kunaokoa mkaa pia, na kunapunguza fitati, kemikali ya mbegu inayokamata madini chuma na kuyazuia yasifyonzwe tumboni.

Hapo kwenye madini chuma nawaomba wazazi tusimame kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Malaria na minyoo vina mchango wake, lakini chakula nacho kina wake mkubwa. Madini chuma ya maharage na mchicha hufyonzwa kwa shida, tofauti na yale ya nyama. Vitamini C huyabadilisha yakawa katika hali ambayo utumbo unaipokea kwa urahisi zaidi. Vitamini hiyo huyeyuka majini na huharibiwa na joto, ndiyo maana kachumbari iliyokamuliwa ndimu, au chungwa lililomenywa mezani, lina kazi kubwa kando ya sahani ya maharage. Chai ya rangi hufanya kinyume: tanini zake, zikinywewa pamoja na mlo, zinaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Chai isubiri saa moja baada ya kula. Mtoto wa miaka 6 anaweza kukamua ndimu na kuchanganya kachumbari, na kwa kazi hiyo amewasaidia wote watakaokaa mkekani.

Naye atakula. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Uswisi kwa watoto 47 wa miaka 6 hadi 10. Baadhi walipika chakula cha mchana pamoja na mzazi, wengine wakapikiwa. Waliopika walikula saladi zaidi kwa takriban asilimia 76. Ni kundi dogo, ila linaafikiana na wanachokiona wazazi wengi: mtoto anayesukuma mchicha pembeni ya sahani huuonja akiwa ameuchambua mwenyewe. Watoto hao walikula zaidi kwa jumla, kuku naye akiwemo, kwa hiyo kinachoingia sufuriani bado ni jukumu la mkubwa. Chumvi iwe kidogo. Mchicha upate tui au mafuta kiasi, kwa kuwa karotini yake, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Moshi ndio mpaka. Jiko la kuni au mkaa likiwaka, watoto wadogo wakae mbali nalo. Kazi zao zifanyike barazani au uani, penye hewa. Na watoto wa kiume wasiachwe nje ya kazi hizi, kwa sababu na wao watakuja kulisha familia.

Baba unayesoma makala hii, kuloweka maharage usiku wa leo ni zamu yako.