Mkataba wa bahari haufiki ziwani

Septemba 15, 2025, Mkataba wa Ruzuku za Uvuvi wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ulianza kutumika. Siku hiyo Kenya, Brazil, Tonga na Vietnam ziliuridhia, na theluthi mbili ya wanachama ikatimia. Mkataba unakataza serikali kutoa fedha zinazogharamia uvuvi haramu. Kwa wavuvi wadogo wa Pwani, hiyo ni nafuu dhidi ya meli kubwa zinazobebwa na hazina za nchi zao.

Lakini mkataba huo ni wa samaki wa baharini tu. Sangara na sato wa Ziwa Victoria hawamo. Wao wanalindwa na sheria za nchi za ziwa, zinazoratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO) lenye makao Jinja, Uganda. Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya 25 hawaruhusiwi, ili samaki azae kabla ya kuvuliwa. Kwa hiyo mzigo wa samaki wachanga uliokataliwa Mwanza hauwi halali ukifika Busia. Mfanyabiashara apime mwaloni, kabla hajalipa. Samaki mchanga asipopata mnunuzi, mvuvi hana sababu ya kumfuata.