Vyuo vya umma Marekani: Jina moja, bidhaa tofauti

Mzazi wa Afrika Mashariki anayeuza kiwanja ili ampeleke mtoto katika chuo kikuu cha umma nchini Marekani anaweza kudhani kuwa vyuo hivyo vyote ni bidhaa ya daraja moja. Sivyo. Serikali ya Shirikisho haiviendeshi. Kila jimbo kati ya 50 lina vyuo vyake, bajeti yake na bei yake.

Vingi vilianza na mtaji wa kanuni moja. Sheria ya Morrill ya 1862 ilitoa ardhi kwa kila jimbo, ekari 30,000 kwa kila mjumbe wake katika Bunge la nchi hiyo, ili mauzo yake yagharimie vyuo vya kilimo na ufundi. Yapo majimbo yaliyouza haraka kwa bei ya kutupa. Tofauti zilianza mapema, na sera za kila jimbo zikazikuza.

California ilipanga. Mpango wake wa 1960 uligawa kazi katika ngazi tatu: Chuo Kikuu cha California kuchukua sehemu ya juu ya moja kwa nane ya wahitimu wa sekondari, vyuo vya ngazi ya pili kuchukua theluthi ya juu, na vyuo vya jamii kupokea wengine. Matokeo yake, Berkeley na Los Angeles hutajwa kila mwaka miongoni mwa vyuo bora vya umma.

Texas ilibahatika. Katiba yake ya 1876 ilianzisha mfuko wa kudumu wa chuo kikuu, ambao ulipewa ardhi kavu ya magharibi iliyodhaniwa haina thamani. Mwaka 1923 kisima cha Santa Rita kilitoa mafuta. Hadi leo mapato ya mfuko huo hugawiwa mifumo miwili tu, Chuo Kikuu cha Texas na Texas A&M. Texas Tech na Houston, ingawa ni vya umma katika jimbo hilohilo, havimo katika mgawo huo.

Utajiri wa wakazi pekee haujengi chuo. New Hampshire ni jimbo la watu wenye kipato kizuri, lakini ruzuku yake kwa kila mwanafunzi imekuwa miongoni mwa zilizo ndogo kabisa nchini. Pengo hilo hujazwa na ada, na hata mkazi wa jimbo hulipa bei ya juu.

Chema chajiuza, na mgeni hukilipia zaidi. Chuo Kikuu cha California humtoza mwanafunzi asiye mkazi nyongeza ya zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Kwa upande wake, North Carolina imeweka kikomo tangu miaka ya 1980: katika chuo chake cha Chapel Hill, wasio wakazi hawapaswi kuzidi asilimia 18 ya wanaoanza mwaka wa kwanza. Mgeni kutoka ng'ambo huhesabiwa kuwa si mkazi.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi makini huangalia mambo matatu. La kwanza ni wangapi humaliza shahada ndani ya miaka sita. Berkeley, Michigan na Virginia huvuka asilimia 90, ilhali vipo vyuo vya umma ambako hata nusu haifiki. La pili ni gharama kamili kwa asiye mkazi, pamoja na chakula na malazi. La tatu ni mwenendo wa ruzuku ya jimbo kwa miaka kadhaa. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, Arizona na Louisiana zilikata sana ruzuku hizo na ada zikapanda.

Mwanafunzi anayeacha masomo njiani hurudi bila shahada, na kiwanja kilichouzwa hakirudi.