Peugeot 504 Imegoma Kuwaka: Ununue Nini Kwanza?

Wenye Peugeot 504 za kabureta bado wapo, hasa Kenya, ambako Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 kwa gari hilo na ambako pikapu zake ziliunganishwa kwa miaka mingi. Injini yake ina roho ngumu. Kinachosumbua ni mfumo wa kuwashia, na kinachomaliza pesa ni kununua spea kabla ya kupima.

Kupima ni karibu bure. Stata ikizunguka kwa kujivuta, kagua betri, vichwa vyake vyenye kutu, na waya wa ethi. Betri nzima iliyotulia husoma volti 12.6 hivi, ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, ichajiwe na ipimwe kabla hujamlipa mtu kufungua chochote. Stata ikizunguka vizuri, chomoa plagi, ivishe waya wake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, halafu mtu apige stata. Cheche nene ya buluu inakupeleka kwenye petroli na kabureta. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo kabisa, fungua kofia ya distributa.

Humo kitu cha bei ya chini kabisa ni kondensa, nacho ndicho hushukiwa mwisho. Kikichoka, platini huungua: upande mmoja huchimbika shimo, wa pili huota kichuguu. Msasa laini utakufikisha nyumbani, basi. Nunua platini na kondensa kwa pamoja, na fundi aweke mwanya wa milimita 0.4 kwa fila geji, si kwa kukadiria na kipande cha pakiti ya sigara. Nenda dukani na zile za zamani mkononi, kwa sababu 504 hazikufungwa distributa za kampuni moja, na platini za Ducellier hazikai kwenye distributa ya kampuni nyingine. Kondensa ya zamani usiitupe mpaka mpya ithibitike. Nyingi za bei poa zinazouzwa siku hizi hazidumu.

Koili ni ghali zaidi, nayo ndiyo mafundi wengi hukimbilia kubadilisha. Sisitiza ipimwe kwa mita ikiwa ya moto, maana koili mbovu huweza kufa ikipata joto na kufufuka ikipoa. Koili isiyohitaji rizista huwa na omu 3 hivi, inayohitaji huwa na 1.5 hivi. Hiyo ya pili ukiifunga bila rizista yake, utaunguza platini ulizonunua jana.

Halafu kuna kifaa cha elektroniki kinachochukua nafasi ya platini. Bei yake inatosha kununua seti kadhaa za platini na kondensa. Faida ni ya kweli: hakuna mwanya wa kurekebisha, na cheche haififii kadiri kilomita zinavyoongezeka. Kwa pikapu inayobeba mzigo kila siku, pesa hiyo hurudi. Kwa gari la Jumapili, sidhani. Tena ukigeuza waya za betri, au ukisahau swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, huenda ukakiunguza papo hapo, na njiani hakuna msasa utakaokiokoa. Betri ikiwa dhaifu, gari la platini mara nyingi huwaka kwa kusukumwa. La elektroniki huwa na masharti zaidi ya volti.

Kwa mwenye 504 moja ya matumizi ya kawaida, uamuzi wangu ni platini na kondensa nzuri kwanza, koili baada ya kupimwa tu. Anayetaka elektroniki anunue betri na waya za plagi zilizo sawa kabla yake, na seti ya platini ibaki ndani ya dashibodi.