Sabuni ya maji: Faida inayomwagika mtaroni Magomeni

BIASHARA ya sabuni ya maji imekuwa mojawapo ya njia nyepesi za kuingia sokoni kwa wenye mitaji midogo jijini Dar es Salaam. Malighafi zote hupatikana Kariakoo. Vyombo vinavyotakiwa ni pipa la plastiki, mwiko mrefu na ndoo mbili tatu. Wateja nao wapo kila kona: mama lishe, saluni, nyumba za wageni, waosha magari na familia za kawaida. Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoweka ndoo ya kunawia mbele ya kila duka, idadi ya wanaoijua kazi hii imezidi kuongezeka, na vikundi vya akina mama na vijana vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, huiweka sabuni miongoni mwa miradi ya kwanza kwenye maombi yao.

Hata hivyo, urahisi wa kuingia ndio huo huo unaobana faida. Anayechanganya sabuni uani kwake Magomeni Mikumi au Mwembechai anashindana na jirani mwenye malighafi zile zile, kutoka maduka yale yale, kwa bei ile ile. Hawezi kupandisha bei. Kinachobaki mikononi mwake ni gharama, na hapo ndipo suala la mazingira linapokutana na daftari la hesabu.

Wataalamu wana jina la fikra hii: kemia ya kijani. Mwaka 1998 wanakemia wawili wa Marekani, Paul Anastas na John Warner, walichapisha kitabu chenye kanuni 12 za kutengeneza bidhaa bila kuzalisha sumu na taka. Kanuni ya kwanza ni kuzuia taka isitokee, badala ya kuhangaika kuisafisha baadaye. Mchanganyaji wa Magomeni hahitaji kukisoma kitabu hicho ili aelewe jambo hilo, kwani kila gramu inayokwenda mtaroni aliilipia dukani.

Mtaro wenyewe hauendi mbali. Kati ya Kariakoo na Magomeni kuna bonde la Jangwani, na ndani yake Mto Msimbazi unaotoka vilima vya Pugu na kuishia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua za masika zikizidi, maji ya mto huo huingia majumbani na kufunga Barabara ya Morogoro, na biashara ya pande zote mbili husimama. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo. Fedha hizo ni za kudhibiti mafuriko na kupanga upya eneo. Sabuni, rangi na mafuta yanayomwagwa kutoka majumbani na gereji ni kazi ya wanaoyamwaga.

Kilichomo ndani ya pipa

Moyo wa sabuni ya maji ni salfoniki asidi, kimiminika kizito cha rangi ya kahawia. Hutiwa soda ashi ili kuua ukali wake, kisha huongezwa slesi, ambayo wengi huiita ungaroli, kwa ajili ya povu. Baada ya hapo hufuata CDE, gliserini, chumvi ya kuongeza uzito, rangi, manukato na, kwa wengi, fomalini ili sabuni isioze.

Salfoniki ina historia ambayo wauzaji wachache huielezea. Katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilijaa povu lisiloisha kwa sababu kemikali ya sabuni ya wakati huo ilikuwa na mnyororo wenye matawi, na bakteria wa majini walishindwa kuukata. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, ikaanza kutumika 1964, na mwaka uliofuata viwanda vya Marekani vikahamia kwenye mnyororo ulionyooka. Mnyororo huo bakteria huula ndani ya siku chache. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kuangalia pipa la dukani na kuona herufi LABSA, ambazo ni alama ya salfoniki ya mnyororo ulionyooka. Inayopimwa kutoka kwenye dumu lisilo na maandishi huenda ikawa hiyo, huenda isiwe.

Lakini hata hiyo iliyonyooka ina sharti. Bakteria wanaoila wanahitaji hewa ya oksijeni. Katika maji meusi yaliyojaa majitaka, au kwenye tope la chini, hewa hiyo haipo, na sabuni hukaa bila kuoza huku ikidhuru samaki na vijidudu vya majini. Kwa hiyo kiasi kinachomwagwa bado ni hoja.

Kosa la kikombe

Wachanganyaji wengi hupima soda ashi kwa kikombe au kwa macho. Hesabu ya kemia inasema kilo 1 ya salfoniki ya kawaida ya dukani inatosheka na soda ashi kati ya gramu 150 na 180, kutegemea nguvu ya asidi. Mtu akitia nusu kilo, basi zaidi ya gramu 300 hazina kazi yoyote. Soda ashi ni bei rahisi, tena nyingine hutoka jirani tu, Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako imechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa hiyo hasara haionekani hapo.

Huonekana kwa mteja. Sabuni yenye soda iliyozidi hukausha na kuchubua mikono, na hutia weusi sufuria za aluminiamu. Mama lishe anayeosha sufuria kumi kwa siku hatasubiri wiki ya pili kabla ya kubadilisha muuzaji. Mchanganyaji naye, akisikia malalamiko ya mikono, huongeza gliserini na CDE, ambazo si rahisi hata kidogo, ili kuponya jeraha alilolifanya kwa kikombe cha soda.

Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni na karatasi za pH. Soda huyeyushwa kwanza katika maji, humiminwa polepole kwenye salfoniki kwa kuwa mchanganyiko huo hufura kwa gesi, na kila baada ya muda karatasi huchovywa. Ikisoma kati ya 7 na 8, soda inasimama. Mwenye kufanya hivyo avae glovu na aache mlango wazi.

Chumvi nayo ina ujanja wake. Mnunuzi wa sabuni hutazama uzito na povu, na mambo hayo mawili hayasemi lolote kuhusu uwezo wa kuondoa mafuta. Soko linalipa uzito, basi wachanganyaji wanatia chumvi. Mwanzoni sabuni huwa nzito, ikifika kilele kisha ikazidishiwa, hurudi kuwa nyepesi kama maji na hairudi tena. Pipa zima la namna hiyo aghalabu humwagwa. Wanaotumia maji ya visima vyenye chumvi, ambavyo si vichache Dar es Salaam, hukumbwa zaidi kwa sababu chumvi imekwisha kuwamo kabla hawajafungua pakiti. Njia salama ni kutenga lita 1 ya mchanganyiko, kuijaribu kwa kijiko kimoja kimoja hadi uzito unaotakiwa upatikane, ndipo kipimo hicho kizidishwe kwa pipa zima.

Fomalini

Hapa hakuna mjadala wa gharama peke yake. Fomalini ni maji yenye gesi ya fomaldehaidi, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka gesi hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeivuta zaidi ni mchanganyaji mwenyewe, pamoja na watoto wanaolala chumba kinachohifadhi malighafi.

Wapo wanaoshauri kuibadilisha kwa sodiamu benzoeti, inayotumika kwenye juisi na sosi. Ushauri huo una kasoro: benzoeti hufanya kazi vizuri katika uchachu, kwenye pH isiyozidi 5 hivi. Katika sabuni yenye pH 7 au 8 ni fedha iliyotupwa. Inayofaa ni fenoksiethanoli, inayotumika kwenye vipodozi, na sheria za Umoja wa Ulaya huiruhusu humo hadi asilimia 1. Kwa anayeuza mtaani ipo njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni kutokurundika: kuchemsha maji, kuyaacha yapoe, kutengeneza kinachouzika ndani ya wiki mbili, na kuosha pipa kabla ya mkupuo unaofuata. Maji hayo ya kuoshea pipa ni sabuni nyepesi, hivyo huwekwa kwenye ndoo safi na kutumika mara moja kuyeyushia soda ya mkupuo mpya. Kisichomwagwa hakikununuliwa bure.

Mafuta ya nyumbani

Salfoniki na slesi huagizwa kutoka nje, na bei yake hufuata mafuta na dola. Shilingi ilipopungua thamani mwaka 2023 na 2024, wachanganyaji waliliona hilo mapema kuliko wengine. Hivyo swali la sabuni ya mafuta ya nazi ya Mafia na Tanga, au mawese ya Kigoma, huulizwa kila msimu. Inawezekana: mafuta ya nazi kilo 1 huhitaji takriban gramu 250 za potasi kali ili kuwa sabuni laini ya maji, na sabuni hiyo huoza kirahisi zaidi majini.

Tatizo ni maji. Sabuni ya mafuta halisi ikikutana na maji magumu ya kisima hutoa ukoko badala ya povu, na mteja hudhani ameuziwa feki. Kwa saluni au nyumba ya wageni yenye maji ya DAWASA kutoka Ruvu, inafaa na inaweza kuuzwa kwa bei ya juu kama sabuni ya mikono. Kwa mama lishe anayetumia maji ya kisima, bado haijaishinda salfoniki.

Karatasi na vyombo

Sheria ya usimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003 inamtaka anayeingiza, kuhifadhi au kuuza kemikali kusajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Mnunuzi ana haki ya kuuliza cheti dukani, na muuzaji aliyesajiliwa anapaswa kuuza kitu chenye jina na tahadhari. Kwa alama ya ubora ya TBS, mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 ambalo makao yake makuu yako Upanga, kwa ajili ya mafunzo na barua ya utambulisho. Bila alama hiyo, milango ya supamaketi na zabuni za shule na hospitali haifunguki, na hizo ndizo oda zisizobishana bei kila asubuhi.

Vifungashio ndivyo vinavyokula faida ya chupa ndogo. Wengi huokota unafuu kwa kutumia chupa za maji ya kunywa zilizookotwa, jambo la hatari kwa mtoto anayeiona chupa anayoifahamu. Mteja wa jumla kama mama lishe hahitaji chupa. Anahitaji dumu lake la lita 5 lijazwe kila wiki kwa bei iliyopunguzwa thamani ya chombo.

Kuhusu mapipa na madumu ya salfoniki yakiisha, yana soko lake Dar es Salaam, na wanunuzi wengi huyataka kwa ajili ya kuhifadhia maji ya kunywa na kupikia. Bei yake inavutia, hasa miezi ya mgawo wa maji. Mchanganyaji mwenye hesabu nzuri huliosha dumu hilo, hulibandika jina, na kulifanya chombo cha kupelekea sabuni kwa mteja mkubwa, hivyo haliuzi kwa mwenye kiu.