Sandozi Imekukatikia Matema? Usilaumu Ngozi!

Hebu vuta picha. Jumapili, upo ufukweni Matema, Ziwa Nyasa mbele, milima ya Livingstone nyuma, pembeni yako binti uliyemsotea miezi miwili mpaka akakubali mtoke. Unatembea kwa madoido, mara pwaa! Mkanda wa sandozi umeachia.

Yalinikuta mimi. Nilirudi kituoni pekupeku huku mtoto wa watu akijiuma midomo asicheke. Kosa ni langu: nilizishona mwenyewe kwa sindano ya nguo na uzi wa cherehani!

Wilaya ya Kyela ina mvua si mchezo, hasa Machi hadi Mei. Uzi wa pamba ukiloa na kukauka kila siku, unaoza. Tafuta uzi wa nailoni uliosokotwa, kama ule wa wavuvi. Huo maji hauyaogopi.

Sasa sindano. Wengi tunakimbilia iliyo kali. Kumbe kazi ya kutoboa ni ya msharasi, kile chuma chenye ncha na mpini cha mafundi viatu. Sindano inapitisha uzi tu, kwa hiyo chukua mbili butu. Ile kali itachoma uzi uliokwishapita na kuudhoofisha. Tena isiwe nene kupita kiasi, itatanua tundu na mshono utalegea.

Pima uzi mara 4 ya mshono: sentimita 20 za mshono, sentimita 80 za uzi. Upitishe kwenye nta ya nyuki mara tatu nne, kisha uvute katikati ya vidole upate joto, nta iingie. Hapo utateleza vizuri, hautafumuka, na mshono utashika.

Funga sindano moja kila ncha ya uzi. Hii ipite kutoka kulia, ile kushoto, tundu lilelile. Pindi moja likikatika, la upande wa pili bado linashikilia. Ukimaliza, rudi nyuma matundu mawili, kata, unguza ncha kwa kiberiti.

Huwezi? Mpelekee fundi, ila kwanza muulize: "Kaka, huo uzi umeupaka nta?"

Na yule binti? Amekubali tutoke tena, kwa sharti moja: nivae raba.