Nyeupe au Krimu: Rangi ya Chumba cha Mama

Mama alipokubali kutoka Mombasa kuja kuishi nasi Kileleshwa, tulitaka chumba chake kisimtie ugeni. Kwao amezoea kuta nyeupe za chokaa, basi tukadhani shauri limekwisha. Tulishuka mjini hadi maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na River Road, na huko tukabishana: nyeupe tupu, au krimu? Kwenye kadi ya muuzaji zilikaribiana kama pacha. Tukanunua kopo dogo la kila moja.

Ilikuwa Julai. Fundi alipaka viraka viwili ukutani, kila kimoja mikono miwili, tukaviacha vikauke. Kesho yake asubuhi nyeupe ilikuwa imegeuka kijivu, mithili ya wingu la mvua. Krimu ilibaki na uhai, kama maziwa yaliyotiwa tone la chai.

Sababu ni dirisha. Chumba kile kinatazama suheli, yaani kusini. Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na tangu mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande wa kibla, ambao kwetu ni kaskazini. Miezi hiyo dirisha la kusini halipati jua hata chembe. Hupokea mwanga wa anga tu, nao una ubuluu ndani yake. Ongeza mawingu ya Juni na Julai, na nyeupe hupoa kabisa. Pwani jua kali ndilo linaloipa chokaa mng'ao wake.

Hatusemi krimu ifae kila mahali. Sebuleni kwetu, panapoingia jua la asubuhi, ilionekana manjano iliyochujuka, na chini ya taa ya manjano usiku ikazidi kukolea. Huko tulipaka nyeupe.

Kwa hiyo, dada zetu, msiamue dukani. Nunueni kopo dogo, mpake kiraka, mkitazame asubuhi, alasiri na usiku taa zikiwaka. Gharama yake ni ndogo kuliko israfu ya kupaka chumba mara mbili.

Uamuzi wa mwisho tulimwachia mwenye chumba. Mama alivitazama viraka vyote viwili, akasema: "Nyeupe ni nzuri, wanangu, lakini yataka jua. Hapa jua liko wapi?" Tukapaka krimu. Tangu hapo hajatuuliza tena atarudi lini Mombasa.